Mtu wa Chuma wa Mstari wa Tatu

Juzi mchana nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu hapa Bariadi nachambua mlenda, mjukuu wangu amejilaza kwenye mkeka mbele ya televisheni, anaangalia katuni zake. Siku hizi katuni si za panya na paka wanaofukuzana. Hii anayoipenda inaendelea kila siku, sehemu baada ya sehemu, na inamhusu binti aliyetengenezwa kwa vyuma na nyaya, akatiwa akili ya kompyuta, na sasa taratibu anaanza kujijua. Mimi huwa sifuatilii, nasikia tu makelele yake huku naendelea na mambo yangu. Lakini juzi yule binti alinyanyua mguu mmoja, ukalia kli. Akanyanyua wa pili, kli. Akaja mpaka mlangoni akasimama, akatukodolea macho. Ungo ulinitoka mikononi, mlenda wote chini.

"Zima," nikamwambia mjukuu wangu. "Zima hicho kitu!"

Hakuzima, watoto wa siku hizi unawajua. Aligeuza shingo tu akaniuliza, "Bibi, hivi huyu ana roho au hana?"

Ndugu yangu, sikia. Swali hilohilo niliwahi kuulizwa nikiwa na umri kama wake, mbele ya kijiji kizima, na vijana wameshika mapanga. Sijawahi kumsimulia mtu jinsi nilivyojibu. Sogea hapa, nikusimulie wewe.

Ilikuwa zamani zile za vijiji vya ujamaa. Sisi tulihamishiwa upande wa Mwamapalala, mimi na bibi yangu, maana baba alikuwa kibarua wa reli huko Malampaka na mama alimfuata, mimi nikaachwa nilelewe. Kule tulikotoka kila mji ulikuwa peke yake, na ua lake la minyaa, ng'ombe wake, na njia yake ya kwenda kisimani. Kule tulikopelekwa nyumba zilipangwa mistari, moja inatazama mgongo wa nyingine, kama wanafunzi gwaride. Sisi tulikuwa mstari wa tatu. Ukikohoa, jirani anakwambia pole. Ukikaanga karanga, mstari mzima unameza mate. Bibi hakuupenda mpango ule hata kidogo. Alisema mtu akiishi karibu hivi na wenzake, mwisho atajua mambo yasiyomhusu, na akishayajua atayasema.

Asubuhi tuliamshwa na kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mgunga. Kikigongwa, watu wazima wanakwenda shamba la kijiji, watoto shuleni, na sisi wasichana tukirudi shuleni kazi ni zilezile: kuteka maji kwenye lambo, lile bwawa la kuchimbwa, kuokota mavi ya ng'ombe yaliyokauka kwa ajili ya moto, maana miti ya kuni ilikuwa mbali, na kuchambua pamba. Chakula kilikuwa ugali wa mtama na mlenda, au michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, iliyochemshwa ukashushia na maziwa mgando. Nikikumbuka ile michembe ulimi unajaa mate hadi leo. Na moshi wa mavi ya ng'ombe, loh, ulitutoa machozi sote. Wanawake waliopikia moto ule tangu usichana wao walizeeka na macho mekundu kama pilipili. Tulijua kabisa ni moshi. Tulijua, na bado tuliogopa macho yale, maana yalisemwa ni ya mchawi.

Jirani yetu wa mkono wa kulia alikuwa na macho hayo. Alikuwa mjane, mwanamke mzee mwembamba, aliyefika mwisho kabisa, watu wote wameshahamia. Alikuja na mkokoteni wa ng'ombe uliofunikwa mikeka kila upande, akaurudisha kinyumenyume mpaka mlangoni, akashusha mizigo yake bila kuomba msaada. Jambo hilo lilisemwa sana. Mgeni haachwi ashushe mizigo peke yake, na mgeni anayekataa kusaidiwa watu wanajiuliza ana nini.

Kisha zikaanza kuonekana dalili. Mjane huyo alikwenda shamba la kijiji kama watu wengine, anaondoka reli ikigongwa na kurudi jua likiwa limepinda, na nyumbani hakuna mtu. Lakini moto wake haukuzimika hata siku moja. Sote tulimwendea kuomba makaa. Uwanja wake ulifagiwa. Na ile pamba tuliyogawiwa tukachambue nyumbani, safi huku na chafu huku, nyumba zenye watoto watano sita zilirudisha kikapu kimoja cha safi, yeye peke yake alirudisha vikapu vitatu. Wanawake walitazamana. Mmoja akasema, kama mzaha, kwamba huyu mama ana wafanyakazi ambao hatujatambulishwa.

Sasa hapo ndipo lilipokuja gari la sinema.

Wewe uliyezaliwa jana huwezi kujua gari la sinema lilikuwa nini kwetu. Lilikuwa Landrova, na juu yake spika kubwa kama pembe. Lilizunguka kijiji mchana likitangaza, na sisi tukalikimbilia kwa nyuma tukila vumbi. Jua likizama wanafunga shuka jeupe kati ya miti miwili, jenereta inaanza kunguruma, tunakaa chini kwenye ardhi yenye joto bado, mifukoni tumejaza michembe. Kwanza walituonyesha jinsi ya kuchimba choo. Halafu jinsi ya kupulizia pamba dawa. Halafu, kwa ajili ya watoto, wakaweka katuni.

Ilikuwa ya ng'ambo, lugha sijui ya wapi. Mtangazaji wa gari, kijana mmoja mwenye suruali pana chini, ndiye aliyetutafsiria kwenye maikrofoni. Leo najua kwamba lugha ile hakuijua hata neno moja, alikuwa anatunga kwa kutazama midomo. Lakini wakati ule maneno yake tuliyachukua kama yalivyo.

Palikuwa na mzee mwenye miwani, anaishi peke yake. Akaunga chuma na chuma, akaviringisha waya, akatengeneza mtu. Mwanamke wa chuma. Akamgonga kichwani, macho yakawaka. Tangu hapo yule mwanamke akawa anafanya kazi: anateka maji, anapasua kuni, anafagia, hali chakula, halali, haongei. Akitembea, magoti yake yanalia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwenyekiti wa kijiji alipaza sauti kwamba angepata watu kumi kama hao, shamba la kijiji lingelimwa kwa asubuhi moja, watu wakapiga makofi.

Nyuma yetu mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, "Huyo ni msukule."

Kicheko kilikatika palepale. Kwa Kisukuma kitu hicho kina jina lake, lakini bibi alinikataza kulitamka na mimi hata leo silitamki. Ni mtu ambaye ndugu zake wamemzika, wakalia, wakanyoa nywele, kumbe hakufa. Mchawi amemficha ndani kwake anamfanyisha kazi. Hali chakula cha watu. Na hawezi kukwambia yeye ni nani, kwa sababu amekatwa ulimi. Ndiyo alama yake tuliyofundishwa sisi watoto: ukikutana naye hatakusalimu, hana ulimi wa kusalimia.

Kesho yake mwalimu wetu alijitahidi sana. Alituchorea mtu ubaoni, akamfuta mkono, akauchora tena juu kidogo, akatueleza kwamba katuni ni picha nyingi za kuchora zinazopitishwa haraka, hakuna mtu pale wala hakuna chuma. Nilikimbia kumweleza bibi. Bibi alikuwa anapepeta mtama, hakuniangalia. Alisema, "Mtu mwenye akili zake akae achore mtu mwingine mara elfu, kwa faida gani? Hiyo imeonekana mahali."

Gari likarudi baada ya mavuno ya karanga, na sehemu ya pili. Nakwambia sinema ile ya pili ndiyo iliyotuharibu. Mwanamke wa chuma ametumwa maji. Ameinama mtoni, akaona uso wake. Akaugusa. Akakaa pale muda mrefu, ndoo imeelea imekwenda zake. Halafu kwenye jicho lake likatoka tone likateremka juu ya chuma. Akarudi nyumbani, akasimama mbele ya mzee wake, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Mtangazaji wetu naye, sijui ni pepo gani alimwingia, akabana sauti ikawa nyembamba kama ya mtoto: "Mimi ni mtu. Nitoeni humu."

Ilisikika jenereta tu. Mzee wa kwenye picha akamsukuma ndani ya chumba, akafunga mlango, shuka likabaki jeupe. Mtangazaji akacheka, akasema msikose sehemu ya tatu, tutaona kama atatoka. Watoto walikuwa wanalia. Bibi alinishika mkono akanivuta nyumbani, na njiani nikasikia wanawake wakisemezana, mmoja anauliza mbona yule mjane hakuja sinema, mwingine anamjibu hajaja hata ile ya kwanza, aje kufanya nini, ana ya kwake nyumbani.

Baada ya hapo sikuweza kupita karibu na nyumba ile. Nilizunguka kwa nyuma, kwenye miba, nichomwe tu. Lakini siku moja mchana nilirudi shuleni nikakuta moto wetu umezimika. Bibi alikuwa anaumwa kiuno, hakwenda shamba, amelala barazani. Akanipa kigae, kile kipande cha chungu tulichochukulia makaa, kimechongoka upande mmoja na cheusi kama usiku. "Nenda hapo jirani," akasema. Nikamwambia mwenyewe yuko shamba. "Moto wake haujaenda shamba," akanijibu. Na bibi yangu hakusema jambo mara mbili.

Nikaenda. Uwanja umefagiwa. Nikapiga hodi, kimya. Nikaingia sehemu ya kwanza ya nyumba, palipokuwa na mafiga, moto unawaka vizuri, mtu ametoka kuuchochea sasa hivi. Nikachuchumaa nichote makaa upesi nitoke. Ndipo nikasikia, chumba cha ndani: kli. Kimya. Kli.

Mlango wa ndani ulikuwa wa mabua yaliyosukwa, na mabua huwa yanaacha nafasi. Usiniulize kwa nini nilichungulia. Woga wenyewe ndio uliokuwa unanisukuma kichwa. Niliona lundo la pamba, jeupe, limechambuliwa. Juu ya lundo niliona mguu. Mguu wa chuma. Vyuma viwili vimepanda huku na huku mpaka juu ya goti, na chini kiatu cheusi kizito. Nikapandisha macho taratibu, nikakutana na jicho linanitazama, lenye machozi. Halafu sauti, sauti nyembamba kabisa, ikasema:

"Mwadila."

Yaani salamu yetu ya mchana, ile ambayo hata kichaa akikupa unaitikia. Sikuitikia. Kigae kilinitoka, nikatoka nduki, na sikusimama mpaka lambo, ambako wenzangu walikuwa wanateka maji.

Nikawasimulia. Walinizunguka wote, ndoo chini, na mimi, Mungu anisamehe, nilinogewa. Sijawahi kusikilizwa namna ile. Nikawaeleza mguu, chuma, pamba, jicho. Mmoja akaniuliza, "Likasema nini?"

Nikajibu, "Halikusema kitu."

Sijui hata lilivyonitoka. Nadhani niliogopa waniulize nami nilijibu nini, maana mtoto aliyekosa kuitikia salamu kwetu alichapwa bila kesi. Na hadithi ilikuwa tamu zaidi bila salamu, tusidanganyane. Msukule hasalimu. Nikiiweka salamu, msukule wangu anakufa. Nikaisimulia tena kwa waliochelewa, na tena njiani, na kila nilivyosimulia ile salamu ilizidi kuzama.

Jua halijatua, kijiji kizima kilikuwa nayo. Balozi wa nyumba kumi alikuja kwetu na mwenyekiti. Wakaniketisha kwenye kigoda, mimi mtoto, wao wamesimama. Wakaniuliza kila kitu, na mwenyekiti akamaliza: "Lilikusemesha?" Nikatikisa kichwa. Bibi alikuwa barazani ananitazama tu. Walipoondoka akaniita. Akaniuliza kwa sauti ya chini mno. "Ng'wanawane, mwanangu, pale ndani ulisikia sauti ya mtu?" Nikamwambia hapana, bibi. Akaniuliza kigae kiko wapi. Nikamwambia kilivunjika.

Unajua ni kwa nini bibi aliuliza hivyo. Mwaka huohuo, kijiji cha pili kutoka kwetu, mwanamke mzee mwenye macho kama yale alichomewa nyumba akiwa ndani. Tulikuwa tumeuona moshi wake asubuhi, sisi watoto tukadhani watu wanachoma majani. Niliyajua hayo. Nililala usiku ule nikiwa nayajua, na kinywa changu nimekifumba.

Asubuhi reli iligongwa lakini hakuna aliyekwenda shamba. Watu walijaa mstari wa tatu, kuanzia kwetu mpaka mwisho. Vijana walikuwa na mapanga na marungu, na mmoja, namkumbuka vizuri kwa sababu alikuwa akinitengenezea gari la mabua, alikuwa na debe la mafuta ya taa. Mjane alikuwa amesimama mlangoni kwake. Amenyoosha mikono, mkono huu kwenye mwimo huu, mkono huu kwenye mwimo ule, na mwili wake ulivyokuwa mdogo, ungemwangusha kwa kidole.

Mwenyekiti akamwambia atoe kilichomo ndani. Akasema, "Hamna mtu humu, baba. Naishi peke yangu. Hamna mtu." Alirudia neno hilo sijui mara ngapi, na macho yake yale mekundu yanachuruzika. Kijana wa debe akaanza kusogea ubavuni mwa nyumba, kwenye nyasi za paa.

Mwenyekiti akaniita mbele. Bibi ndiye aliyenishika begani akanitembeza, anachechemea na kiuno chake. Mwenyekiti akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mtoto, wewe ndiye uliyekiona. Kile ni mtu au si mtu? Kina roho au hakina? Kilisema nawe au hakikusema?"

Neno moja tu lilitakiwa. Lilikuwepo hapa kooni, nalisikia. Lakini nilitazama yale mapanga, nikatazama wenzangu niliowasimulia pale lambo, nikaona nikisema sasa mimi ndiye mwongo, na hasira yote hii itanigeukia mimi. Nilifungua mdomo, haukutoka upepo. Maji ya moto yaliniteremka miguuni mbele za watu. Aliyekatwa ulimi siku ile nilikuwa mimi.

Mwenyekiti akanisukuma pembeni. "Mmeona mtoto alivyo," akasema. Debe likafunguliwa, harufu ya mafuta ya taa ikatuingia puani.

Ndani ya nyumba kukalia kli.

Watu walirudi nyuma kwa pamoja, waliokuwa nyuma wakakanyagwa. Kli. Kli. Mjane akageuka akapiga kelele, "Rudi! Rudi ndani!" Lakini mlango ulishasukumwa. Akatokea msichana, umri wangu, labda mkubwa kwangu kidogo. Gauni lake lina kiraka. Miguu yote miwili imefungwa vyuma kwa mikanda ya ngozi, kwapani magongo, anayatupa mbele kisha anajivuta. Alikuwa anakunja macho kwa sababu ya jua, na ngozi yake imepauka kama ya mtu asiyeliona. Kwenye vidole vya mkono mmoja, pamoja na gongo, ameshika kigae chetu.

Alipofika mbele ya mwenyekiti alisimama. Akaegemeza magongo ukutani. Akainama, akafungua kitu kwenye goti la kulia, tak, kisha la kushoto, tak, vyuma vikakunjika, naye akajishusha chini kidogokidogo huku anatetemeka mwili mzima, mpaka magoti yakagusa vumbi. Alikuwa anapiga magoti. Alikuwa anasalimia watu wazima, kama mtoto yeyote wa kike aliyelelewa.

"Mwadila, baba," akasema. Ilikuwa asubuhi, alikosea. Nafikiri kule gizani alikokaa saa zilikuwa zimempotea. "Mwadila, mayu," akawageukia kina mama.

Hakuna aliyejibu. Kijana wa debe alikuwa na mkono juu. Nikadhani wote ni kama mimi, hawataitikia, na wasipoitikia basi yamekwisha. Halafu mkono ulioko begani kwangu ukaondoka. Bibi alichechemea mpaka pale, akasimama mbele ya yule msichana, akasema, "Mwadila, ng'wanawane. Inuka, unachafua gauni." Akamshika kwapa amwinue, akashindwa, kiuno kikamkatalia, na mwanamke mwingine akatoka akasaidia. Huyo alikuwa yuleyule aliyesema msukule siku ya sinema.

Msichana aliposimama alinitafuta kwa macho akanipata. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniumiza. Akaninyooshea kigae. "Jana ulisahau hiki," akasema. "Nilikusalimia, hukuitika. Nilidhani hukusikia."

Watu wote walinigeukia. Nilikitazama kile kigae, kizima, hakina hata ufa. Bibi ndiye aliyekipokea.

Basi watu wakatawanyika, mmoja mmoja, wanaangalia chini. Hakuna aliyeomba radhi. Mwenyekiti alisema kwa sauti kubwa kwamba mtoto huyu lazima aandikishwe shule, kisha akaondoka haraka, na hakuna aliyemwandikisha. Bibi alibaki kwa mjane mpaka mchana, na baadaye alinieleza. Mtoto alipooza akiwa mdogo, homa ya siku tatu tu. Kule walikotoka wakasema bibi yake, yaani huyo mjane, amemla miguu kwa uchawi. Mjane akampakia kwenye treni Malampaka, akampeleka hospitali Mwanza, wakamvisha vyuma ili atembee. Alivyoona ametembea, badala ya kufurahi akaogopa zaidi, kwa sababu alijua watu wataviona. Akamficha. Mtoto akawa anachochea moto, anafagia uwanja alfajiri kabla ya watu, na kutwa nzima anachambua pamba, amsaidie bibi yake.

Bibi hakunichapa. Ningemshukuru angenichapa. Alinipa kigae akaniambia, "Nenda ukaitikie salamu ya watu."

Nilikwenda mpaka uwanjani nikarudi. Siku nyingine nilikwenda mpaka mlangoni. Nilimsikia ndani anaimba huku anachambua pamba, na nikashindwa. Nilikuwa naogopa vyuma bado, hilo ni kweli, lakini zaidi niliogopa atanitazama tena vile bila hasira. Nikasema kesho. Kila siku bibi aliniuliza, kila siku nikasema kesho.

Siku moja asubuhi nilikwenda kuokota mavi ya ng'ombe nikaona mlango wao uko wazi. Nyumba tupu. Uwanja umefagiwa. Alama za mkokoteni zimeelekea njia ya Malampaka. Kwenye mafiga moto ulikuwa unawaka, wameuacha mkubwa, wa kutosha mstari mzima. Baba alipokuja likizo nilimuuliza kama amewaona stesheni, mzee mmoja na msichana mwenye vyuma. Akasema stesheni wanapita watu wengi. Mpaka leo sijui kama walifika huko walikokwenda, na huko walikokwenda kama watu walikuwa afadhali kuliko sisi. Macho mekundu yalikuwa yanatafutwa kila mahali miaka ile.

Gari la sinema nalo halikuja tena. Petroli iliadimika, wakasema. Sehemu ya tatu hatukuiona, hatukujua kama mwanamke wa chuma alitoka. Ile miti miwili ya kufungia shuka imekatwa. Mistari ya nyumba imevurugika, watu wamerudi kujenga kila mtu kwake, ukienda leo huwezi kuonyesha mstari wa tatu ulikuwa wapi. Bibi alitumia kile kigae mpaka alipofariki, na mimi ndiye niliyekibeba kila siku kuomba moto nyumba za mbali. Michembe naipika bado, lakini haina ladha ile, au ni kinywa changu.

Basi juzi, mlenda uko chini, mjukuu wangu ananisubiri nimjibu. Ana roho au hana?

Nikamuuliza, "Amekusalimia?"

"Nani? Bibi, hii ni katuni!"

"Najua ni katuni. Nimekuuliza kama amesalimia."

Akageuka kuangalia. Kwenye televisheni yule binti wa chuma bado alikuwa mlangoni, na nje watu wamejaa, wameshika silaha zao. Akafungua mdomo akasema kitu kwa lugha ya kwao. Sikuelewa, na mara hii hapakuwa na mtu wa kunitungia. Ilikuwa mchana, saa kama ile ya mlango wa mabua.

"Mwadila," nikasema. Nikasema kwa sauti, mpaka jirani alisikia. "Mwadila, ng'wanawane."

Mjukuu wangu alicheka mpaka akagaagaa kwenye mkeka, bibi anaongea na televisheni. Nikamwacha acheke, nikainama nikaanza kuokota mlenda wangu.